Yaka Ilipanda, Gharama za Nyumba Zikashuka

Watu wakisikia ninaishi Jinja, hapa Uganda, hudhani umeme kwetu ni wa dezo, kwa kuwa bwawa la Nalubaale, lile la Owen Falls lililofunguliwa 1954, liko hapo hapo mtoni. Shemeji zangu wa Mbale hawachoki na utani huo. Lakini yuniti ya umeme inayouzwa mtaani kwetu Walukuba bei yake ni ile ile ya Kabale. Mita haiulizi uko umbali gani na bwawa.

Nyumba yetu ni ya kawaida kwa mtaa huu. Tuna watoto wa shule, friji ambayo mke wangu anagandishia juisi ya kuuza, na chumba kimoja cha nyuma tunachopangisha. Kulikuwa na wakati kodi yote ya chumba hicho ilikuwa ikiishia kwenye moto: Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla tunaonunua kwa simu, makaa na mtungi wa gesi. Navitaja vyote vitatu pamoja makusudi. Hapa mtaani utamsikia mtu akijisifu kwamba kwake Yaka ya elfu ishirini inamaliza mwezi, nawe ukizunguka nyuma ya nyumba unakuta gunia la makaa limesimama, na jingine lililokwisha limetandikwa mlangoni kama zulia. Huyo hajaokoa chochote, amehamisha tu pesa kutoka simu kwenda kwa muuza makaa.

Nilianzia kwenye mita. Yetu iko ukutani, ina kitaa chekundu kinachopepesa, na juu yake imeandikwa kwamba kikipepesa mara 1000 ni yuniti moja imekwenda, yaani wati 1000 kwa saa nzima. Jumamosi moja nilizima kila kitu ndani, hata friji, kisha nikawa nawasha kimoja kimoja huku kijana wangu akisimama pale kwenye mita na saa ya simu. Taa za ndani zote, ambazo tayari zilikuwa za LED, zilikifanya kitaa kisinzie. Televisheni nayo haikukisumbua sana. Birika la umeme lilipowashwa kikaanza kupepesa kila baada ya sekunde mbili hivi, na pasi haikuwa mbali na hapo. Tangu siku hiyo sijagombana na mtoto kwa sababu ya taa ya chumbani. Balbu ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku, mwezi mzima itakula yuniti moja na kitu. Kinachomaliza Yaka ni chochote kinachozalisha joto, na friji kwa kuwa hailali.

Ila kulikuwa na jambo jingine. Kabla hatujawasha hata kimoja, kitaa kilikuwa tayari kinapepesa, tena kwa kasi. Kijana akaniita: "Baba, mbona bado kinakula?" Tukaufuata waya uliopita darini mpaka chumba cha nyuma. Mpangaji wetu, kijana mstaarabu wa kazi za kiwandani, alikuwa amebandika maharagwe kwenye jiko la koili tangu asubuhi. Akalizima kwanza, ndipo tukaanza kupima. Makubaliano yetu yalikuwa analipa elfu kumi na tano kwa mwezi kwa ajili ya umeme, apike asipike. Jiko lile ni la wati 1500. Maharagwe makavu yakichemka juu yake saa mbili, hizo ni yuniti tatu kwa sufuria moja. Sikumlaumu. Mtu ukishamwambia bei ni moja, kwa nini ahangaike kununua makaa?

Nilimkalisha barazani jioni. Akaanza yeye: "Mzee, kama ni umeme niongeze, nitaongeza." Nikamwambia sitaki aongeze, nataka tuhesabu. Nikanunua mita ndogo kwenye duka la vifaa vya umeme, fundi akaifunga kwenye waya wake. Wenye nyumba wengi hapa hutoza elfu moja kwa yuniti na kumwambia mpangaji ndiyo bei ya serikali. Mimi namtoza 700, na sababu yake inahitaji maelezo, kwa kuwa hapo ndipo nilipogundua kwamba watu wengi, mimi nikiwemo, tulikuwa tunanunua Yaka bila kujua tunauziwaje.

Bei za majumbani hupangwa na ERA, mamlaka inayosimamia umeme nchini, nazo ni za ngazi. Tangu UEDCL, kampuni ya serikali, ilipochukua usambazaji Aprili 2025, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni binafsi iitwayo Umeme kumalizika, ngazi tulizonunulia sisi ni hizi. Yuniti 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 ni kama 756. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 inashuka hadi 412, na hiyo ndiyo inaitwa bei ya kupikia. Ukipita 150 unarudi kwenye 756. Juu ya yote hayo kuna VAT ya asilimia 18, na ada ya huduma ya shilingi 3,360 inayokatwa unaponunua mara ya kwanza katika mwezi.

Sasa mchukue mtu anayeweka Yaka ya elfu tano tano. Tarehe mosi anapata yuniti tatu na nusu hivi, kwa sababu ada ya huduma imemla. Wiki inayofuata elfu tano ile ile inampa zaidi ya 13, maana sasa yuko kwenye zile za 250. Mara ya tatu anapata tano na nusu tu. Hapo ndipo kelele za "Yaka inatuibia" zinapoanza, na hapo ndipo kila mtu ana dawa yake: nunua usiku, nunua Jumapili, nunua yote kwa mkupuo. Saa haina maana yoyote. Mkupuo nao haubadilishi kitu, kwa sababu ngazi zinahesabiwa kwa jumla ya mwezi, uwe umenunua mara moja au kila siku.

Kilichonikaa kichwani ni ile ngazi ya tatu. Yuniti 80 za kwanza, pamoja na VAT, ni kama elfu sitini na mbili. Yuniti 70 zinazofuata ni elfu thelathini na nne tu. Sisi na mpangaji wetu tulikuwa tunazunguka kwenye 90 kila mwezi. Tulikuwa tunapanda mlima wote wa bei kali, halafu tukifika kwenye mteremko tunasimama, tunakwenda kununua makaa.

Na makaa yenyewe siku hizi! Tangu amri ya Rais ya Mei 2023 iliyopiga marufuku biashara ya makaa kaskazini, kwetu bei ya gunia haijapata kutulia. Ukinunua kwa vifuko, makaa ya elfu mbili yanaivisha maharagwe mara moja tu, na hapo kama hayajachanganywa na vumbi.

Mke wangu ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Nilipomwambia tuanze kupikia umeme alinitazama akasema, "Baba Zainabu, wewe si ndiye unayetuzimia birika?" Na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa jiko la koili lisingesaidia kitu, lile la mpangaji tulikuwa tumeliona. Tulichokitaka ni sufuria ya presha ya umeme, ile inayofungwa kwa mfuniko wa kukaza, ikishapata joto inajizima na kujiwasha yenyewe. Si rahisi kununua. Tulisubiri mpaka zamu ya mke wangu ya kupokea pesa kwenye kikundi chao cha akina mama ilipofika, akakubali nusu ya pesa iende huko, nusu ikaenda kwenye biashara yake ya juisi.

Maharagwe ya kwanza tuliyapika tukiwa tumechomeka sufuria kwenye waya wa mpangaji, kwa idhini yake, ili tusome ile mita ndogo. Yalikuwa yamelowekwa usiku kucha. Yakaiva ndani ya saa moja, na mita ikasogea chini ya nusu yuniti. Hata kwa bei kali ya 756 na VAT yake, hiyo haifiki shilingi 450. Kwa bei ya kupikia ni kama 240. Mke wangu aliuliza mara mbili kama mita ile ni nzima.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Maharagwe, nyama, kwato, mahindi ya kuchemsha, vyote vinavyokaa motoni muda mrefu vilihamia kwenye sufuria ile. Yaka ikapanda mpaka kwenye yuniti 120 hivi kwa mwezi. Gunia la makaa lililokuwa likiisha kabla ya mwezi kuisha sasa linakaribia miezi mitatu, na mtungi wa gesi upo kwa ajili ya chai ya asubuhi umeme ukikatika, basi. Ukigawa elfu themanini na sita tunazolipa kwa hizo yuniti 120, ada ya huduma ikiwa ndani, unapata kama 715 kwa yuniti. Ndiyo maana mpangaji analipa 700.

Jirani yetu mmoja, Haji, alinishauri tuombe mita ya pili kwa ajili ya chumba cha nyuma ili kila nyumba ipate yuniti zake 15 za bei ya chini. Ni wazo zuri kwa ploti yenye wapangaji wengi wanaogawana mita moja, maana wote wanagombania 15 zile zile. Kwetu sisi hesabu ilikataa. Tukitengana, sisi tunabaki na 90 na yeye 30, tunalipa ada mbili za huduma, na hakuna kati yetu anayefaidi ile bei ya kupikia ipasavyo. Jumla ingezidi kwa kama elfu saba. Haji alinitaka nimwandikie hesabu hiyo kwenye karatasi, nikaandika.

Friji ilikuwa kazi ndogo. Fungia noti ya elfu moja mlangoni kisha ivute. Yetu ilitoka bila kubishana, maana yake mpira wa mlango umelegea na baridi inavuja usiku na mchana. Fundi akabadilisha mpira. Tukaiondoa ukutani ipumue, na barafu ikianza kujenga ukuta ndani tunaiyeyusha. Wanaouza juisi ya barafu watanielewa: friji ikikaza vizuri juisi inaganda mapema, hata biashara inakwenda.

Maji ya kuoga nilidhani yatanipa vita, kwa sababu watoto walishazoea ya moto. Fundi mmoja alitaka kunifungia lile bomba linalochemsha maji papo hapo. Mengi yanakula wati 5000. Dakika kumi ni zaidi ya robo tatu ya yuniti, zidisha kwa watu wa nyumba nzima. Badala yake tuna majerikeni mawili meusi yanayoshinda juani nyuma ya nyumba. Kwa jua la Jinja yanatosha kuwaogesha watoto jioni, na siku ya mvua tunaongeza birika moja. Ile koili ya kutumbukiza ndani ya ndoo sitaki hata kuiona nyumbani kwangu, si kwa sababu ya Yaka bali kwa sababu nina watoto na maji na waya.

Sigiri, jiko letu la makaa, haijaondoka. Matoke ya kufunikwa kwa majani ya migomba yanataka moto wa pole wa saa nyingi, na mama mkwe akija Idd sitaki kumweleza habari za presha. Chapati nazo bado ni za makaa. Mvua kubwa ikinyesha umeme hukatika, na hapo nusu gunia la akiba linatuokoa.

Kinachonisumbua sasa ni Desemba. Watoto wako nyumbani, juisi inauzwa, mwezi huo tunapita 150 na bei inarudi juu. Nilimwambia mpangaji kwamba tukipita hapo kila yuniti yake itakuwa 900, kwa sababu nami ndivyo ninavyonunua. Hakubishana. Kesho yake nilimkuta jikoni akimwomba mke wangu, "Mama, ile sufuria yenu, Jumapili mnaitumia saa ngapi?"