Anzia zizini: lama, alpaka na kumbukumbu iliyomo kwenye samadi

Mtu akianza kusoma habari za wafugaji wa Andes, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni sufu: ulaini wake, rangi zake, bei yake mjini Arequipa. Si vibaya. Ila baadhi ya maswali magumu kuhusu ufugaji huu yalijibiwa kwa kuchunguza kinyesi, na zizi kinamolundikana.

Puna ni nyika ya baridi iliyo juu ya mita 3,800 hivi kutoka usawa wa bahari, kuanzia Peru na Bolivia hadi kaskazini mwa Chile na Ajentina. Mahindi hayastawi huko. Viazi hukubali kwenye kingo zake za chini, navyo hudai mbolea nyingi. Miti ni ya kutafuta. Kuna majani magumu ya ichu, na kuna lama na alpaka, jamaa wa ngamia wasio na nundu, wanaoyageuza majani hayo kuwa nyama, sufu na samadi. Lama dume aliyehasiwa hubeba pia mzigo, kilo 25 hadi 30, kwa mwendo wa kilomita 15 hadi 20 kwa siku. Ukimzidishia hulala chini na kukutemea.

Wanyama hawa hawanyi ovyo. Kundi zima hurudi kwenye lundo lilelile, na kinyesi chao ni vidonge vidogo ambavyo vikikauka huzolewa kama makaa. Huitwa taquia. Usidhani ni nishati ya shida tu: migodi ya Bolivia na Peru iliwahi kuitumia kwa wingi. Kwenye mita 4,000 maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, kwa hiyo chungu hukaa motoni muda mrefu kuliko pwani, na bila taquia hakuna cha kukipikia. Bruce Winterhalder na wenzake walipochunguza matumizi ya samadi huko Nuñoa, mkoa wa Puno, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1974, walionyesha kwamba kilimo cha viazi na jiko la nyumbani vyote viwili vinategemea mifugo. Anayehesabu nyama na sufu peke yake amekosea hesabu tangu mwanzo.

Lakini samadi hiyohiyo huua, na hapa inafaa kutazama kwa karibu.

Mimba ya alpaka huchukua kama miezi 11 na nusu, na karibu kila mara huzaliwa ndama mmoja. Uzazi huangukia msimu wa mvua, Desemba hadi Machi, na majike wengi huzaa kati ya asubuhi na adhuhuri. Ukimtazama mama utajua kwa nini: hamlambi mtoto. Ndama huanguka akiwa ameloa chapachapa, na kazi ya kumkausha ni ya jua na upepo. Aliyezaliwa saa nne asubuhi ana saa nane za kukauka, kusimama na kunyonya. Aliyezaliwa saa kumi jioni, baridi ya usiku itamkuta bado mbichi. Mfugaji makini hupaka kitovu iodini na kuhakikisha dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, imenyonywa ndani ya saa chache za mwanzo, maana kinga ya mama haipiti kwenye kondo la nyuma. Asiyepata dang'a ameingia duniani mikono mitupu.

Halafu kuna zizi lenyewe. Mvua ikinyesha juu ya samadi ya kundi zima, sakafu hugeuka tope jeusi. Tope hupaka chuchu, ndama hunyonya, na pamoja na maziwa humeza bakteria aitwaye Clostridium perfringens aina A, ambaye sumu yake hufanyia kazi utumboni. Ndama aliyekuwa akirukaruka jioni hukutwa asubuhi amekufa, tumbo limejaa. Ugonjwa ni enterotoksemia, na mlipuko mbaya unaweza kufagia nusu ya ndama wa msimu. Kinga yake ni rahisi kueleza: hamisha malazi ya kundi kila baada ya siku chache, safisha zizi kabla ya uzazi, usibane majike wenye ndama pamoja na kundi zima. Shida ni kwamba zizi la mawe halihami, na kuliacha kundi nje ni kulikaribisha mbweha na puma.

Je, ufugaji huu ulianza lini? Twende Telarmachay, kimbilio la chini ya mwamba katika puna ya Junín, Peru, kwenye mita 4,420. Timu ya Danièle Lavallée ilichimba hapo miaka ya 1970, na Jane Wheeler akachambua mifupa ya wanyama. Tabaka za chini ni za wawindaji wa vikunya na gwanako, jamaa wa porini wa alpaka na lama, pamoja na kulungu. Ukipanda hadi tabaka za miaka 6,000 hivi iliyopita, mifupa ya vijusi na ndama wachanga inaongezeka hadi kuzidi nusu ya mifupa ya jamii hii ya ngamia. Nani angechinja ndama wa siku chache kwa wingi hivyo? Jibu la Wheeler ni kwamba hawakuchinjwa. Walikufa kwa ugonjwa wa zizini, kwa hiyo zizi lilikuwepo.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini ikiachwa peke yake inayumba, kwa sababu hata mwindaji akipiga kambi msimu wa uzazi ataacha mifupa ya wachanga. Kilichoipa uzito ni meno. Meno ya mbele ya vikunya hayaachi kukua na yana enameli, ile ganda ngumu ya nje ya jino, upande mmoja tu. Ya gwanako na lama yamefunikwa enameli pande zote. Ya alpaka yako katikati. Meno ya namna hiyo ya tatu yanajitokeza Telarmachay karibu na wakati huohuo. Mwaka 2001 uchunguzi wa vinasaba, ambao Wheeler alishiriki, ulionyesha kwamba alpaka ametokana na vikunya. Ndiyo maana leo jina lake la kisayansi ni Vicugna pacos.

Marcacocha, ziwa dogo lililojaa matope karibu na Ollantaytambo, lina ushahidi mwingine. Alex Chepstow-Lusty alihesabu kwenye matope yake utitiri wadogo waliokula kinyesi cha mifugo malishoni. Kinyesi kikiwa kingi, utitiri huongezeka. Chavua ya mahindi na utitiri hupanda pamoja miaka 2,700 hivi iliyopita. Enzi ya Inka, watawala wa Andes kabla ya Wahispania, utitiri ni wengi. Wahispania wakishafika, wanaporomoka. Nyaraka za wakoloni zinasimulia kupotea kwa mifugo, lakini utitiri hauna sababu ya kumdanganya mkusanya kodi.

Wanaotafiti wafugaji walio hai hukwama mahali pengine, kwenye kuhesabu. Kundi moja lina wenyewe wengi: mke ana wake, mume ana wake, watoto wana wao waliopewa au kurithi, na wote huchungwa pamoja. Ukimuuliza mzee "una alpaka wangapi?" umeuliza swali lisilo na jibu moja. Jorge Flores Ochoa, aliyechapisha mwaka 1968 utafiti wake wa wafugaji wa Paratía, mkoa wa Puno, alionyesha kwamba kuna jamii zinazoishi kwa mifugo bila mashamba, zikipata mahindi na viazi kwa kubadilishana na wakulima wa mabondeni. Kabla ya hapo ufugaji ulihesabiwa kuwa mkia wa kilimo.

Leo malori yamechukua kazi nyingi ya misafara ya lama, na viwanda vinavyopenda sufu nyeupe, inayokubali rangi yoyote, vimefanya alpaka wa kahawia na weusi wapungue. Serikali ya Peru nayo imejenga mabanda yenye paa ili ndama wasife kwa baridi. Banda hukinga theluji kweli. Ila lina sakafu moja isiyohama, na majike hubanana humo usiku kucha katika miezi ileile ya mvua, kwa hiyo koleo lisipoingia kila asubuhi, aliyenusurika baridi atauawa na tope. Kinachotolewa na koleo hilo hutandazwa juani ukutani, kikauke kwa ajili ya jiko.