Bendera ya kijani Armagh

Jamani, nimetoka uwanjani sasa hivi na vidole bado vimekufa ganzi!

Kombe la McKenna hapa Armagh, mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa Ireland. Kaunti za Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland, zinajipima Januari kabla ya ligi. Leo ilikuwa mtoano, ukifungwa unaaga.

Huku mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi 1, au 2 ukipigwa kutoka nje ya tao lililochorwa mita 40 kutoka golini. Ukiingia wavuni ni bao, pointi 3.

Dakika za mwisho tuko nyuma kwa pointi 2. Kijana wetu akachomoka, akaachia shuti la chini.

Mzee wa koti jeupe kando ya goli, mwamuzi wa goli, akainama, akaokota bendera ya kijani, ishara ya bao.

BAO! Nikamkumbatia mama nisiyemjua kabisa.

Na hawa vijana hawalipwi mshahara, kesho wako kazini.

Mlioko Ireland, mnashangilia kaunti gani?