Madoa yasiyopotea ukiyabonyeza

Tetekuwanga ya mwanangu wa miaka minne ilikuwa imekauka wiki mbili zilizopita. Jioni moja namwogesha, naona miguu imejaa vidoa vyekundu kama ncha za sindano. Haviwashi, havina maji, na nilivyovibonyeza havikupotea. Mgongoni damu ilikuwa imevilia. Bibi yake akanitazama, akauliza taratibu, "Mwanangu, nani kampiga mtoto?"

Hakupigwa na mtu. Hospitali walipima damu: chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 9,000, wakati kawaida huanzia 150,000. Mimi tayari nilishawaza saratani ya damu, mikono inatetemeka. Daktari akapapasa tumbo na shingo, hakukuta ini, bandama wala tezi zilizovimba. Chembe nyekundu na nyeupe zilikuwa sawa. Ndipo akanieleza kwamba mwili ukipigana na virusi hutengeneza kingamwili, na mara nyingine hizo kingamwili huzing'ang'ania chembe sahani za mtoto mwenyewe, bandama ikaziondoa kwenye damu. Tetekuwanga huweza kuleta hali hii, hata mafua.

Majirani walileta juisi ya rozela na matembele ili aongezewe damu. Nawashukuru, lakini damu haikuwa imepungua. Kilichopungua ni kile kinachoigandisha.

Kwa kuwa hakutoka damu puani wala kwenye fizi, hakupewa dawa yoyote. Tukaambiwa tusubiri, maana watoto wengi hupona wenyewe ndani ya wiki au miezi. Kusubiri huko ndiko kulikonichosha. Kila usiku nilimmulika mdomoni kwa tochi kutafuta malengelenge ya damu. Kupanda mwembe marufuku. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki marufuku, sindano ya msuli pia. Akiumwa sana kichwa, akitapika au akilegea, tukimbie hospitali saa hiyo hiyo.

Wiki ya tatu akapata homa. Zahanati moja walishavuta diklofenaki kwenye bomba la sindano. Nikafunika paja lake kwa kiganja: "Huyu hadungwi, dada yangu. Chembe sahani zake ziko chini." Mama mwenzangu, sema hivyo hata kama sauti inakatika.

Vipimo vilikwenda 14,000, 31,000, 88,000. Mwezi wa tatu, 204,000.

Jumamosi iliyopita alianguka barazani, goti likachubuka. Niliketi chini kando yake, nikaitazama ile damu hadi ikaganda.