Kupima Mwezi kwa Leza: Kisumu Yaingizwa Kwenye Hesabu

Awamu hii ya mradi wangu imekuwa ya kompyuta tu, kwa kuwa leza ya kufika Mwezini haipatikani kwa mtu binafsi. Vituo vyenye uwezo huo ni vichache, kama vile Apache Point kule New Mexico na Grasse nchini Ufaransa, ambavyo hulenga viakisi, yaani vioo vya kurudisha mwanga ulikotoka, vilivyoachwa Mwezini na Apollo 11, 14 na 15 na magari mawili ya Kisovieti ya Lunokhod. Muda wa mwanga kwenda na kurudi ndio hutoa umbali wa Mwezi; mimi ninaunda modeli ya kompyuta ya umbali huo, kana kwamba kituo kipo hapa Kisumu.

Umbali wa wastani ni kilomita 384,400, nao mwanga huchukua takriban sekunde 2.5 kwenda na kurudi. Kazi kubwa imekuwa ya huku chini. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, mzunguko wa Dunia hutupeleka mashariki kwa kasi ya mita 465 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kabla mwanga haujarudi, kituo kimeshasogea zaidi ya kilomita moja, na safari ya kwenda na ya kurudi lazima zikokotolewe kila moja peke yake. Baada ya hapo nikaongeza jinsi hewa inavyouchelewesha mwanga, kisha kuinuka na kushuka kwa ardhi, ambako hufikia makumi ya sentimita. Ziwani hatuoni maji kujaa na kupwa kama Mombasa, lakini mwamba tunaoukanyaga hujaa na kupwa kila siku.

Sasa nimefikia uvutano wenyewe. Mwaka 1968 mwanafizikia Mmarekani Kenneth Nordtvedt alionyesha kwamba, iwapo nishati ya uvutano iliyomo ndani ya Dunia isingevutwa na Jua kama maada nyingine, mzingo wa Mwezi (njia yake ya kuizunguka Dunia) ungeegemea upande mmoja kulingana na Jua, na umbali ungeyumba kwa kiasi cha mita 13 katika kipindi cha siku 29.5. Vipimo halisi, vinavyofikia usahihi wa milimita, havijaona kuyumba huko. Kwangu hili linasisimua kuliko zile sentimita 3.8 ambazo Mwezi hujitenga nasi kila mwaka, ingawa hizo ndizo hutajwa zaidi.

Nimeziingiza mita 13 kwenye modeli makusudi, na kwenye mchoro hazionekani kabisa, maana uvutano wa kawaida wa Jua huleta badiliko la kilomita 109 hivi lenye kipindi kilekile. Badiliko hilo kubwa halina budi kukokotolewa kutokana na sheria za mwendo, kisha liondolewe. Hatua inayofuata ni kufuta vipimo vya karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nyakati ambazo vituo hupima kwa shida, nione kama mita hizo bado zitajitokeza.