Kazi ya valvu Uingereza, na mlango nisioupita

Mjomba wangu, fundi redio wa siku nyingi pale Tanga, aliuliza huku Chelmsford nafanya kazi gani. Nikamwambia natengeneza valvu, ile mirija ya elektroni ya kukuza mawimbi ya redio. Akacheka: "Hizo si zilikufa na redio za mbao?"

Hazijafa. Dishi lililo juu ya paa lake linapokea picha kutoka setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, na huko juu kinachokuza mawimbi mara nyingi ni mrija wa elektroni. Voyager 1, chombo cha anga za juu cha Marekani kilichorushwa mwaka 1977, kimetuletea habari miaka yote hii kwa mrija wa wati kama 20 tu.

Ndani ya mrija kuna waya mwembamba uliozungushwa mithili ya springi. Wimbi linafuata waya, elektroni zinapita katikati moja kwa moja. Aliyepanda Lushoto kutoka Mombo anaijua hali hiyo: gari linazunguka kona zote, mwenda kwa miguu anakata njia ya mkato, na bado wanafuatana. Elektroni zikilizidi wimbi mwendo kidogo tu, hujikusanya mafungu mafungu na kuliachia nguvu zao.

Kazi yenyewe ni ya darubini na glavu. Ukigusa kipande kwa kidole kitupu umekiharibu, kwa kuwa mafuta ya ngozi hugeuka gesi ndani ya ombwe, yaani ile nafasi isiyo na hewa ndani ya mrija. Siku hizi wateja wanataka pia antena ndogo za kubandika kwenye ndege, na antena ikipungua ukubwa hushindwa kuyakusanya mawimbi vizuri kuelekea upande mmoja, basi mzigo unarudi kwetu: mrija uongezewe nguvu.

Aliyebuni mrija huu alikuwa mhamiaji, Rudolf Kompfner wa Austria, msanifu majengo kwa elimu. Vita ilipopamba moto Waingereza walimweka kizuizini kama raia wa nchi adui, kisha wakamtoa na kumpa utafiti wa siri Birmingham. Hapo ndipo alipoupata, mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Mimi hawajanifungia, ila kuna mlango kazini ambao pasipoti ya Tanzania haiufungui: upande wa rada za kijeshi. Kwa hiyo wewe unayemaliza elektroniki na kutaka kuja huku, omba upande wa setilaiti za mawasiliano, na suala la uraia uliulize kabla hujalipia viza.