Kabla sijahamia Nairobi, nauliza kilicho nyuma ya ukuta

Bosi aliniita akaniambia kuna nafasi Embakasi, kwenye bandari ya nchi kavu, na nikiitaka ni yangu. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na mlio kwenye kazi hii mwaijua hadithi yenyewe. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru makontena yapandishwe treni ya SGR yakatolewe Nairobi, ofisi nyingi za Mombasa zilibaki na viti vitupu. Siku aliyoapishwa, 13 Septemba 2022, Rais Ruto akatangaza shughuli hizo zirudi huku Mombasa. Zimerudi, alhamdulillahi, ila wateja wetu wengi wako bara na tawi la kule lataka mtu anayejua makaratasi ya bandari. Mshahara unapanda. Nimeomba muda nifikirie.

Sasa kila mtu ana lake la kunishauri. Shangazi yangu wa Likoni anaapa kwamba Nairobi nitanyang'anywa simu kabla sijamaliza wiki. Huyu ni shangazi ambaye kila asubuhi huvuka feri amekumbatia pochi kifuani kwa mikono miwili, na bado aniambia huko ndiko kubaya. Ndugu yangu wa bodaboda alimcheka: "Shangazi, kwani vijana wa mapanga wa Kisauni walitoka Nairobi?" Mamangu hakusema kitu siku hiyo. Jioni ndipo aliniuliza kama nyumba nitakayopanga nimeulizia jirani zake. Nilidhani ana maana ya watu. Kumbe alikuwa na maana ya viwanda.

Sisi ni watu wa Mikindani, na mtaa wa Owino Uhuru ni pua na mdomo na kwetu. Kuanzia 2007 palikuwa na kiwanda pale cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi, kimepakana na nyumba za watu, moshi unaingia madirishani na maji machafu yapita mlangoni. Watoto waliugua, watu walikufa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho, ndiye aliyepiga kelele baada ya mwanawe kupatikana na sumu ya risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ikaamuru 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaitangua, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote ile ukimwuliza mtu wa mtaa kama pako salama, angekujibu habari za wezi. Na wezi kwa kweli hawakuwa wengi.

Kwa hiyo nilipokwenda Nairobi kuangalia nyumba, niliangalia kwa jicho la mamangu. Binamu yangu anaishi Pipeline, si mbali na kazi, na alitaka nikae karibu naye. Maghorofa ya kule yamebanana hata mchana taa yawashwa, na nguo hukaukia ndani. Kodi ni nafuu, matatu ziko nje ya mlango, na watu wamejaa barabarani mpaka usiku wa manane, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ulinzi. Lakini nilipopanda hadi juu nilijiuliza, moto ukitokea tutashuka vipi sote kwa ngazi moja hii? Swali hili si la kubuni. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka mtaa wa Mradi, huko huko Embakasi, watu wakafa na mamia wakaumia. Baadaye mamlaka ya nishati ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kiwanja kile cha kujazia gesi yalikuwa yamekataliwa, na mojawapo ya sababu ni wingi wa nyumba zilizo karibu. Gesi ilikuwa ikijazwa vilevile.

South C niliipenda. Misikiti iko karibu, madrasa ya mwanangu nisingehangaika kuitafuta, na hata sambusa nilizokula hazikuniaibisha. Kodi yake ingemeza karibu nusu ya mshahara wangu, mpya na yote. Nikaiacha.

Syokimau ndiko nilikokaa nikafikiri. Hapo tayari ni kaunti ya Machakos, ingawa watu huita Nairobi. Stesheni ya SGR iko hapo, na ya huku iko Miritini, kwa boda ni mwendo mfupi tu hadi kwetu. Watu wanaponiuliza habari za usalama mimi hufikiria mamangu ana presha, na simu ikilia saa tisa usiku nataka kujua nitafika vipi. Kwa treni ya asubuhi naweza kuwa Mikindani mchana. Nauli ilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa daraja la kawaida, si kitu cha kwenda kila wikendi, lakini kwa dharura sitakosa.

Msimamizi wa ploti niliyoiona alinisifia kamera, geti na soja wa usiku. Nilimshukuru, kisha nikaenda kwa mama mboga wa kona nikanunua sukuma niliyokuwa sina pa kuipikia. Nilimwuliza hufunga saa ngapi. "Saa tatu unusu, dadangu, mvua isiponyesha." Hapo nikatulia kidogo. Mtu anayekaa na pesa za mauzo kandokando ya barabara mpaka saa hizo anaijua barabara ile kuliko kamera. Kwetu Mikindani, mama wa viazi karai hufunga saa nne, na mwaka ule alipoanza kufunga magharibi sote tulijua mambo yameharibika kabla polisi hawajasema lolote.

Nikamwuliza pia mvua ikinyesha inakuwaje. Akanionyesha alama ya maji kwenye ukuta wa jirani, chini ya goti. Msimamizi hakuwa amenitajia hilo. Akaniambia niulizie nyumba za upande wa juu, na nisikubali ghorofa ya chini hata nikipunguziwa.

Baridi nitavaa sweta. Nazi zauzwa, ingawa bei yake ni matusi. Kitu nisichoweza kukinunua ni kwamba huku nikichelewa kushuka stejini, kuna wazee watatu barazani wanaojua mimi ni binti wa nani, na mmoja atampigia mamangu. Nilipokuwa msichana nilichukia mno kuchungwa vile. Sasa nina msichana wangu mwenyewe, yuko gredi ya nne.

Nimemjibu bosi kwamba nitaanza Januari. Mwanangu atabaki na bibi yake muhula wa kwanza, mimi nipange chumba upande ule wa juu, nipite na mvua za Aprili nikiwa peke yangu niyaone maji yanafika wapi. Yakifika mlangoni, nitatafuta kwingine kabla hajaja. Jambo la maji ya bomba bado linanisumbua. Huku tumezoea madumu na mikokoteni, maji ya chumvi ya kuoshea na matamu ya kunywa, na nimeambiwa Syokimau nako wengi hutegemea visima na maboza, yale malori ya maji. Mlioko kule, maji yenu ya kisima yana chumvi au la? Na boza moja mwalipa ngapi siku hizi?