Taa za dharura za korido ya juu: saa mbili zilizokuwa zinapotea

Imekubali! Jioni ya leo, katikati ya muhula, wanafunzi wote wakiwa ndani, korido ya juu imewaka kwa betri muda wa saa tatu na dakika nane. Naandika usiku huu huu, kwa sababu tatizo hili limeninyima usingizi tangu muhula uliopita.

Kazi yenyewe ni ile ile: hosteli ya wanafunzi hapa Tororo, Uganda, ghorofa mbili, mabati juu, taa za dharura za aina inayowaka umeme ukikatika tu. Kila moja ina LED ya wati 3 na betri ya nikeli-kadimiamu ya volti 3.6, ampea-saa 4, na inachaji polepole kwa miliampea 200 hivi. Jaribio la kuziacha ziwake kwa betri saa tatu nililifanya likizoni, wakati jengo ni tupu, kama inavyoshauriwa, ili usiache watu gizani na betri zisizo na kitu. Zote zilifaulu, juu na chini.

Muhula ukafunguliwa. Umeme ukakatika saa nne usiku, na korido ya juu ikawa giza kabla saa moja haijatimia. Ya chini ikaendelea kuwaka. Ikatokea tena, na tena. Mzee anayeangalia hosteli akaniambia, "Fundi, hizi taa wanafunzi wakiwa hawapo zinakesha, wakirudi zinazima. Zinawaogopa?" Maneno hayo yalinikaa kichwani kuliko kipimo chochote, kwa sababu yalikuwa kweli tupu.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa joto. Korido ya juu iko chini ya mabati, na mchana nilipima nyuzi 50 ndani ya boksi la taa. Betri ya nikeli-kadimiamu ya kawaida ikipita nyuzi 45 haipokei chaji vizuri. Unaipa umeme, inaugeuza kuwa joto. Hoja nzuri. Lakini likizo ile ilikuwa ya jua kali vile vile, na taa zilifaulu. Nikabadilishana taa: ya juu nikaishusha, ya chini nikaipandisha. Iliyoshuka ikapona, iliyopanda ikaanza kufa mapema. Hata ile niliyoifunga betri ya lithiamu-chuma-fosfeti, na chaja yake yenyewe inayosimama kwenye volti 3.65, nayo ilizima mapema. Basi ugonjwa haukuwa kwenye taa. Ulikuwa mahali.

Hapo nikaacha kupima kwa mkono nikajenga loga, yaani kifaa kinachoandika vipimo chenyewe mchana na usiku. Niseme wazi: multimita ya kawaida haifai kwa kazi ya namna hii. Inakuonyesha sasa hivi, na tatizo langu lilikuwa linakuja nikiwa nakula chakula cha jioni. Nimetumia ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja, lakini si pini zake za kusomea volti (za analogi), kwa sababu zinapinda namba karibu na mwanzo na mwisho wa kipimo. Volti ya betri inasomwa na chipu ya ADS1115, mkondo unasomwa na chipu ya INA219, volti ya ukutani inapitia ZMPT101B, transfoma ndogo ya kupimia. Hiyo ya mwisho ina skrubu ndogo ya kurekebishia ambayo ukiigusa na kidole tu namba inahama; irekebishe kwa kulinganisha na mita unayoiamini, kisha itie tone la rangi ya kucha isicheze tena. Saa ni DS3231 yenye betri yake, maana loga inayosahau saa umeme ukikatika haina maana kwenye kazi ya kukatika kwa umeme. Data inakwenda kwenye kadi ya kumbukumbu.

Nikaifungia ndani ya taa ya mwisho, ile iliyo juu ya ngazi, nikaiacha.

Nilichokiona kwenye kadi kilinifanya nisimame. Mchana kutwa: volti 232, 235, 230, betri inapokea chaji. Saa 1:42 usiku: volti 197, na mkondo wa betri umegeuka, ampea 0.98 inatoka. Inatoka! Umeme upo, korido imejaa mwanga, na taa ya dharura inajiwakia kwa betri. Saa 1:47: volti 211, chaji inarudi. Saa 1:49: volti 194, betri inatoka tena. Hivyo hivyo mpaka saa tano usiku. Nilipojumlisha vipande vyote vya jioni moja nikapata saa mbili na robo za betri kutoa umeme bila mtu kujua. Toa hizo kwenye saa tatu na kidogo, unabaki na dakika hamsini. Ndiyo ile ile saa isiyotimia.

Usiku uliofuata nilipanda ngazi nikaweka sikio kwenye boksi. Relei, ile swichi inayohamisha taa kwenye betri, ilikuwa inagonga, tik, kimya, tik, na LED inawaka na kuzima. Kutoka chini huioni, kwa sababu taa za kawaida za korido ni LED zenye draiva (saketi inayozilisha umeme) inayokubali volti 100 mpaka 265. Kwenye volti 190 hazipepesi hata kidogo. Macho ya watu wote yalikuwa yanasema umeme uko sawa.

Nikaishusha taa, nikaiweka kwenye variaki, transfoma unayoizungusha kwa mkono kupandisha na kushusha volti. (Kama unatengeneza taa za dharura na huna variaki, nunua hiyo kabla ya kifaa kingine chochote.) Inahamia kwenye betri volti zikishuka kufika 198, inarudi zikipanda kufika 209. Na taa haina kosa. Kiwango cha kimataifa cha taa za dharura, IEC 60598-2-22, kinataka ihamie kati ya asilimia 85 na 60 ya volti yake. Kwa volti 240 ni kati ya 204 na 144. Iko ndani ya sheria kabisa.

Sasa kwa nini volti zinashuka huko juu tu? Nimefuata waya mpaka kwenye bodi ya kugawia umeme na damu ikanichemka. Aliyetandika waya za ghorofa ile aliunga soketi za vyumba kwenye saketi ya taa, waya wa milimita 1.5 za mraba, kisha akaweka breka ya ampea 20. Waya huo unapoteza milivolti 29 kwa kila ampea kwa kila mita. Piga hesabu: mita 40, ampea 20 za mabirika mawili na pasi ya chumba cha mwisho, unapoteza volti 23. Jioni bodi yenyewe inapata 215 hivi. Ukitoa, unabaki na 192 kwenye taa ya ngazi. Na waya wa 1.5 ndani ya bomba, chini ya mabati yenye joto lile, haupaswi kubeba ampea 20! Mwaka 2022 moto uliua watoto katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono. Mtu anayefunga waya kwenye bweni anapaswa kulala akiwaza hilo.

Kuna aliyenishauri niweke stabilaiza au nizivutie taa za dharura waya wake peke yake. Stabilaiza ingeuacha waya ule ule ukiungua. Na taa ya dharura inatakiwa isikilize saketi ile ile ya taa za eneo lake, ili breka ya korido ikianguka peke yake nayo iwake. Tiba ilikuwa kuziondoa soketi. Tumezivutia waya wa milimita 4 na breka zake, saketi ya taa ikarudishiwa breka ya ampea 6. Mwenye jengo alilalamika kuhusu gharama, nikamwonyesha waya wa zamani niliouchomoa kwenye kiungio: plastiki imekuwa ya kahawia na inavunjika ukiikunja. Akalipa.

Leo jioni, mabirika yakichemka, volti za ngazini hazijashuka chini ya 213. Betri haikutoa hata kidogo. Saa tatu usiku nikashusha breka kwa makusudi, mzee akiwa na tochi mkononi. Kabla tu taa hazijatimiza saa tatu za kuwaka nilipima mwanga sakafuni katikati ya ngazi: luksi (kizio cha mwanga) 1.4, na inayotakiwa kwenye njia ya kutokea ni 1.

Nilikuwa nimepanga baada ya hapa nihamishe taa zote kwenye lithiamu. Hilo limesimama, kwa sababu nikeli hizi bado zina nguvu, na sasa nina wazo linalonivuta zaidi: kibao kidogo cha saketi cha kukaa ndani ya kila taa, kinachohesabu dakika ambazo betri inatoa umeme wakati volti za ukutani bado zipo. Dakika zikipita kumi kwa siku, LED ya pili inawaka rangi ya chungwa. Chipu ndogo ya ATtiny85 inatosha, na sehemu nyingine zote ninazo mezani.